KWA NINI PAKA NA MBWA HUFANYA WANAVYOFANYA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa kila kiumbe kitambaacho, kitembeacho na kirukacho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, na nyinyi wazazi na walezi wetu, katika toleo la mwaka huu tumeona tuandike somo juu ya viumbe wawili ambao hakuna kati yenu asiyekutana nao kila siku: paka aliyelala kwenye baraza na mbwa anayepita uchochoroni. Huenda baadhi yenu mkacheka na kusema, waalimu wamekosa la kuandika. Hapana. Tunayo sababu, nayo ni nzito.

Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka tisa, aliumwa na mbwa koko njiani akija chuoni baada ya Alasiri. Yeye na wenzake walikuwa wakimtupia mbwa yule mawe, na mbwa alipogeuka, wote wakatimua mbio. Aliyekuwa wa nyuma ndiye aliyeumwa. Basi akaficha. Aliogopa bakora ya baba na bakora ya mwalimu, akafunga kitambaa mguuni na kushusha suruali. Siku ya tatu mama yake akaona damu kwenye nguo alipokuwa akifua. Alhamdulillah, alipelekwa hospitali, akachomwa sindano zote, na leo yuko nasi darasani. Lakini siku tatu alizokaa kimya zingeweza kuwa ndizo za kumwondoa duniani. Watoto wale walikuwa wamehifadhi dua ya kutoka nyumbani, lakini hawakujua kwa nini mbwa humkimbiza anayekimbia. Mambo yote mawili yanahitajiwa.

UMMA KAMA SISI

Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufundisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu. Tuifikirie maana yake. Umma una desturi zake, una namna yake ya kusalimiana, ya kugombana, ya kulea watoto na ya kulinda mipaka. Kwa hiyo paka anapofanya jambo tusilolielewa, tusikimbilie kusema ana wazimu au ana jini. Mara nyingi anasema maneno ya kwao, na sisi ndio hatujui lugha.

Wanavyuoni wetu wa zamani hawakuona haya kulichunguza jambo hili. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria (868/869 Miladia), aliandika kitabu kikubwa cha juzuu nyingi, Kitab al-Hayawan, na ndani yake kuna mjadala mrefu baina ya mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo. 

PAKA

Paka tulionao majumbani asili yao ni paka mwitu wa Afrika na nchi za Mashariki ya Kati. Wataalamu wanasema alianza kukaribiana na binadamu yapata miaka 10,000 iliyopita, watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani. Nafaka ilileta panya, na panya wakaleta paka. Katika kisiwa cha Cyprus limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi ambamo mtu amezikwa karibu na paka. Tena tuangalie: si mtu aliyemfuata paka msituni akamfunga kamba. Paka alikuja mwenyewe, akaona pana faida, akakaa. Ndiyo maana mpaka leo ana kiburi chake. Ukimwita anakuangalia tu, naye amesikia vizuri kabisa.

Wahenga wa pwani walisema paka wa nyumba haingwa. Ukimfukuza atazunguka na kurudi kwa mlango wa uani. Jambo hili la kuzunguka limo katika mafunzo ya dini yetu. Abu Qatada (R.A.) aliingia nyumbani, mkwewe Kabsha bint Kaab akamtayarishia maji ya kutawadha. Akaja paka, na Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipoona bibi yule anastaajabu, akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wale wanaotuzungukazunguka. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Kwa hiyo maji aliyoyanywa paka hayaharibiki kwa kunywa kwake, isipokuwa tukiona mdomoni mwake damu ya panya au najisi nyingine.

Na kwa nini anazunguka? Kwa sababu paka ni mlinzi wa mipaka. Kila siku hupita njia zake zile zile, akinusa ni nani aliyepita. Anapojisugua shavu kwenye mguu wako, kwenye kiti au kwenye nguzo ya mlango, anaacha harufu yake, kwani ana vifuko vidogo vya harufu mashavuni na kando ya mkia. Sisi hatuisikii harufu hiyo, lakini kwake ni kama mtu aliyeandika jina lake. Kwa hiyo paka anapokusugua mguu asubuhi, si chakula peke yake anachotaka. Anakuhesabu kuwa mtu wa nyumba yake.

Anapokanda mapajani mwako kwa mikono miwili kama anayekanda unga wa chapati, amerudi utotoni. Mtoto wa paka hukanda chuchu za mama yake ili maziwa yatoke, na mkubwa akistarehe hufanya hivyo hivyo. Makucha yanachoma, ni kweli, lakini hakusudii kuumiza. Msimpige kwa hilo. Wekeni kitambaa kizito mapajani, au msimameni taratibu ateremke.

Kukoroma kwake watu wengi hudhani ni furaha tu. Mara nyingi ni furaha, lakini paka mgonjwa hukoroma, na paka anayezaa hukoroma pia. Mtu akimwona paka amejikunja pembeni, hali, na huku anakoroma, asiseme huyu amefurahi. Amtazame vizuri.

Na ile sauti ya nyau? Paka wakubwa hawaitumii sana baina yao. Watoto humlilia mama yao, lakini wakikua huzungumza kwa mkia, masikio na harufu. Nyau ya paka mkubwa kwa kiasi kikubwa ni kwa ajili yetu sisi, kwa kuwa ameona kwamba binadamu hatufahamu kitu mpaka tupigiwe kelele. Mkia ukisimama wima kama alifu, amekuja kwa salama. Mkia ukichapa chapa huku na huku, amechoka kuchezewa, na mtoto anayeendelea kumshika atakwaruzwa. Akilala chali na kuonyesha tumbo, amekuamini, lakini hajakualika kumshika tumbo. Watoto wengi wamepata alama mikononi kwa kutokujua hili.

Bibi zetu hulalamika kwamba paka amelishwa samaki na bado anawinda panya, anamchezea, kisha anamleta mbele ya mlango. Uwindaji kwa paka haungoji njaa. Umo katika maumbile yake, na chochote kidogo kinachokimbia humwamsha. Hapa ndipo hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka inapopata uzito mwingine. Imo katika Bukhari na Muslim: alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Tuangalie lile jambo la pili. Angemfungulia tu, asimpe hata tonge, paka angejitafutia, kwani Mola wake amemfundisha kazi. Dhuluma ya mwanamke yule ilikuwa kumnyima chakula, na tena kumnyima maumbile yake.

Tuseme pia juu ya usiku. Macho ya paka kung'aa gizani si jini. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ili aone kwenye mwanga hafifu. Ng'ombe na mbuzi wanao pia, na hatujasikia mtu akimkimbia mbuzi. Na kile kilio cha usiku kinachofanana na mtoto mchanga ni paka shume wanaogombania jike, au jike anayeita. Ama paka mweusi, rangi yake ni rangi kama nyingine. Majini tunayaamini kwa kuwa yametajwa katika Qur'ani, lakini hatukuruhusiwa kumpiga kiumbe wa Mungu kwa dhana. Kila mwaka tunasikia habari ya paka mweusi aliyemwagiwa maji ya moto na watu wanaosema wanajikinga. Wanajikinga na nini, ikiwa dhambi wameichuma wenyewe?

MBWA

Kwa mbwa hadithi ni nyingine. Yeye anatokana na mbwa mwitu wa nchi za baridi, na amekuwa na binadamu kwa zaidi ya miaka 14,000, kabla hata ya kilimo. Mbwa mwitu huishi kwa kundi: huwinda pamoja, hulala pamoja, hulinda pamoja. Kwa hiyo paka akiwa na nyumba ametosheka, lakini mbwa anataka watu. Mbwa aliyefungwa mnyororo peke yake mchana kutwa hubweka, huchimba na huwa mkali, kwa sababu kwake upweke ni adhabu.

Sisi watu wa pwani, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, tumezoea kumwepuka mbwa kwa sababu ya najisi yake. Hukumu hiyo ipo na tunaifundisha: chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, hakuna cha kuosha. Katika madhehebu ya Imam Malik mbwa mwenyewe hahesabiwi kuwa najisi, ingawa chombo huoshwa. Pia yako mafundisho kwamba mwenye kufuga mbwa bila ya haja hupungukiwa na thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo au wa kulinda shamba. Haya yote ni sawa. Lakini najisi ni hukumu ya tohara, si ruhusa ya kutesa. Mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, kwa kuwa alimwona anahema na kula udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu alimsamehe dhambi zake. Hakuambiwa kwamba yule ni mbwa tu.

Kuhema kule pia kuna siri. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi; anacho kidogo tu kwenye nyayo. Joto lake hulitoa kwa kuhema na kutoa ulimi, unyevu ukikauka damu inapoa. Katika Suratul A'araf, aya ya 176, umepigwa mfano wa mbwa anayetoa ulimi ukimfukuza na anayetoa ulimi ukimwacha. Atakaye kuuona mfano huo amtazame mbwa saa saba mchana. Na mbwa wa Watu wa Pangoni katika Suratul Kahf ametajwa akiwa amenyoosha mikono yake kizingitini. Mpaka leo mbwa wa mlinzi hulala hapo hapo, mlangoni, uso nje.

Uwezo wake wa kujifunza umetajwa katika Suratul Maida, aya ya 4, panapoelezwa wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Adiyy bin Hatim (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mbwa wake wa kuwindia, akafundishwa kwamba mbwa akila katika windo, asile yeye, kwa kuwa huenda mbwa amejikamatia mwenyewe. Wanafunzi wa fiqhi, oneni uzuri wa jambo hili. Hukumu ya nyama, halali au si halali, imewekwa juu ya tabia ya mbwa: amefundishika, au anafuata tumbo lake? Asiyeijua tabia ya mbwa hataweza kuitumia hukumu hiyo.

Pua ya mbwa ina vinasa harufu zaidi ya milioni 200, na yetu ina milioni 5 au 6 hivi. Ndiyo sababu anasimama kwenye kila nguzo. Anasoma nani amepita, dume au jike, mzima au mgonjwa, kisha naye anakojoa kidogo kuacha jibu.

Mkia wake huwadanganya wengi. Watu husema akitikisa mkia amefurahi. Si lazima. Mkia ulioshuka na kutikisika wote pamoja na kiuno ni urafiki. Mkia uliosimama juu, mgumu, ukitikisika kidogo kidogo, ni onyo. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mbwa akimwona bwana wake mkia huelemea zaidi kulia, na akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe huelemea kushoto. Mkia ukiwa katikati ya miguu, ana hofu, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Tunaulizwa sana: kwa nini mbwa hulia wakati wa adhana? Wengine wanasema wanachukia, wengine wanasema wanaona shetani akikimbia. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba tukisikia mbwa wakibweka na punda wakilia usiku tujikinge kwa Mwenyezi Mungu, kwa kuwa wao huona tusiyoyaona. Tunaliamini hilo na tunajikinga. Lakini hadithi hiyo haikutaja adhana, na mbwa hao hao hulia vile vile king'ora cha gari la wagonjwa kinapopita. Mbwa mwitu huitana kwa sauti ndefu inayovutwa, na mbwa akisikia sauti ndefu ya namna hiyo huitikia. Kwa hiyo kijana anayechukua mawe kwenda kumpiga mbwa kwa kuwa “ameitukana adhana” hana dalili yoyote mkononi mwake.

UKIKUTANA NA MBWA, NA UKIUMWA

Mbwa humkimbiza anayekimbia kwa sababu ya uwindaji ule ule. Kiumbe anayekimbia ni windo, au ni mwizi. Basi mbwa akikujia, simama. Usipige kelele, usimkodolee macho, kwani kwao kukodoleana macho ni kutangaza vita. Mikono iwe kifuani, mtazame kwa pembeni, na akipoa ondoka pole pole bila ya kumpa mgongo. Ukiangushwa, jikunje kama mpira, ufunike shingo na masikio. Usimguse mbwa anayekula, aliyelala, wala mwenye watoto, hata awe wa jirani mnayemjua.

Na akikuuma, mwanangu, sema. Sema saa ile ile, hata kama wewe ndiye uliyeanza na mawe. Sisi waalimu tumekubaliana, na tunaliandika hapa wazazi waone: mwanafunzi atakayekuja kusema ameumwa hatachapwa kwa jambo hilo. Tunawaomba wazazi nao watoe ahadi hiyo nyumbani.

Kichaa cha mbwa huingia kwa mate, kupitia jeraha, hata mkwaruzo mdogo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu 59,000 hivi hufa kila mwaka duniani, na kama wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Ugonjwa unaweza kukaa kimya wiki chache au miezi miwili mitatu, pengine hata mwaka, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, upo uwezo wa kuuzuia. Mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimpa chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa vibaya na mbwa, naye akaishi.

La kwanza ni kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ni ndefu kuliko mnavyodhani. Hesabuni kwa saa. Msitie pilipili, mafuta ya taa, kahawa wala majani. Msiseme tungoje tuone mbwa kama atakufa. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zikipangwa tarehe zimalizwe zote, msiache katikati kwa kuwa kidonda kimepona. Kisomo na dua vifanywe, na ndani ya gari mkielekea hospitali vinafanyika vizuri tu. Tena paka naye, akiumwa na mbwa mwenye kichaa, anaweza kuuchukua ugonjwa. Mbwa au paka aliyebadilika ghafla, aliyekuwa mpole akawa mkali, au wa mwituni akawa hana woga, anayetoka mate na kuyumba, msimkaribie. Toeni habari kwa afisa mifugo.

Tusidhani kwamba haya ni majaliwa yasiyokuwa na dawa. Kisiwani Pemba, kwa kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji, ugonjwa ulitoweka mwaka 2014. Ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukatoweka tena. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo zoezi la chanjo likija mtaani, mwenye mbwa wa shamba ampeleke, na majirani wasiwacheke watoto wanaowavuta kwa kamba.

SWALI LA MWISHO

Mama mmoja alituuliza: paka wetu anakojoa juu ya mswala kila mara, tufanye nini? Mkojo wa paka ni najisi, ingawa mwili na mate yake ni safi. Mswala uoshwe kwa maji mpaka iondoke dhati ya najisi, rangi na harufu. Na upande wa paka, kwanza tazama kama ni mgonjwa. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki yuko hatarini, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo. Kama ni mzima na anarusha mkojo ukutani huku mkia umesimama, anaweka mpaka wake, na mara nyingi kuna paka mgeni dirishani. Kuhusu kuhasi, ulamaa wana kauli tofauti. Mwenye haja amuulize sheikh wake. Mpeni pia karai la mchanga mahali pa faragha, na mchanga ubadilishwe, kwani paka ni msafi na huchukia choo kichafu kama sisi. Harufu ikibaki kwenye mswala atarudi pale pale, kwa hiyo kuosha vizuri kunatengeneza tohara yenu na kunamwondolea yeye sababu ya kurudi. Siki iliyochanganywa na maji husaidia kukata harufu. Kisha suuzeni na mwanike juani. Dawa kali ya kung'arishia nguo msiitumie, kwani ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na pua.

Wallahu a'alam.